Safari Hii Niliambiwa Mimi Kwanza

Mwanangu Mapendo,

Umekwenda kwa shangazi yako kusukwa nywele, na najua hutarudi kabla ya jua kuzama, kwa sababu shangazi yako hamalizi kichwa cha mtu mpaka amalize habari zote za hapa Juru. Baba yako ameketi mlangoni, anapukuchua maharage katika ungo. Mimi nimeketi kwenye benchi la jikoni na kalamu yangu. Mara kwa mara ananitazama kuona kama bado naandika. Yeye ndiye aliyeniambia niandike.

Mambo ya kupika, kufua na kuamka mapema sitayagusa. Ulijifunza hayo katika nyumba hii, na usiyojifunza hapa, Mbarara itakufundisha bila kukuuliza. Wala sitakuhubiria, kesho kutakuwa na wachungaji wa kutosha. Nataka kukuambia jambo moja kuhusu nyonga ya baba yako, lakini siwezi kulifikia bila kupita kwanza kwenye wivu wangu. Nilikuonea wivu, Mapendo. Nilikuonea wivu huo kwa miaka mingi, na hata leo bado. Kesho unaolewa na kuhamia Ruharo, kule Mbarara, na nimeona ni afadhali ulisikie hilo kutoka kwangu kabla hujatoka kuliko ulikisie ukiwa mbali.

Wivu huo ulianza wewe ukiwa bado msichana mdogo, ulipoanza kufuatana na baba yako kwenda Endiinzi kununua maharage ya kuuza. Yeye alibeba magunia matupu, wewe ulibeba mizani. Mlirudi jioni mkiwa na vumbi hadi kwenye kope, mkicheka. Nilipouliza mnacheka nini, mlinyamaza wote wawili kama wanafunzi waliochelewa. Baba yako alikuwa akitafuna majani ya mpera. Alisema ni dawa ya tumbo. Mimi nilikuwa mke wa mwimbishaji wa kanisa, na mwenyewe mwalimu tangu kule kwetu Lemera, kabla hatujakimbia, na niliamini kwamba katika nyumba yangu hakuna tumbaku wala pombe kwa sababu nilikuwa nimekataza. Mwalimu huamini kwamba alichokikataza hakipo.

Kumbe huko Endiinzi, nyumbani kwa Mzee Tumwine mfugaji, baba yako alikuwa na kigoda chake. Huko alivuta. Huko alikunywa tonto, ile pombe yao ya ndizi, na siku za baridi alikunywa kitu kikali kuliko tonto. Wewe uliketi na mabinti wa Tumwine ukinywa maziwa, ukaona yote, nawe hukusema. Sikulaumu. Mtoto haulizwi kama anataka kubebeshwa siri. Lakini nilipokuja kujua, tumbaku haikuniuma kama kilivyoniuma kile kigoda. Mume wangu alikuwa na mahali pa kuketi ambapo binti yangu alipajua, na mimi sikupajua.

Sauti yake ilianza kukwaruza wakati wa mavuno. Unakumbuka alivyoimbisha. Alianza wimbo peke yake, na akina mama wa mstari wa nyuma waliacha kuwapepea watoto wao. Hata hao niliwaonea wivu. Sauti ilipoharibika nilisema ni vumbi, kisha nikasema ni mafua, kisha nikasema ni kuimba kupita kiasi. Nilimchemshia tangawizi. Kanisa liliomba. Mahindi yalivunwa, yakapandwa mengine, na sauti ilikuwa ile ile, kama mlango wa mbao unaoburutwa juu ya sementi. Akaanza kumeza ugali akiwa amefumba macho. Akaanza kuvaa skafu kwenye jua kali, nami nikamsifu kwamba hatimaye anajua kujikinga na vumbi. Chini ya skafu hiyo palikuwa na uvimbe. Uliuona wewe.

"Papa, hii kitu iko fasi hii, inawauma?" Nilikuwa nje, ninaanua nguo, nikakusikia.

"Haiumi," alijibu. "Njo maana sina haraka."

Sasa najua kwamba uvimbe wa shingoni usiouma ndio unaotaka haraka. Wakati ule nilijua jambo moja tu: kwamba ulikuwa umeona shingo ya mume wangu kabla yangu. Kwa hiyo sikuuliza. Nilikunja nguo zote, hata zile zilizokuwa bado mbichi.

Siku ile ya kwanza hospitalini Mbarara nataka uione kwa macho yangu, kwa kuwa wewe uliiona ukiwa upande wa pili wa mlango. Tulikuwa watano katika chumba kile kidogo: daktari (yule mama kijana wa Kinyankore), baba yako, wewe, mimi, na Shemasi Yakobo, aliyekuja kututafsiria kwa sababu anajua Kiingereza. Hili ni kosa letu, sisi watu wa kanisa tulio kambini Nakivale. Tukienda kwa daktari tunafuatana na mtu tunayemwamini, na mtu huyo ni yule yule ambaye mbele yake hatuwezi kusema kwamba tunavuta.

Shemasi alitafsiri kwa uaminifu. "Munganga anauliza kama muzee anakunywaka tumbaku ao pombe. Na kama ni ndiyo, ni tangu wakati gani."

Baba yako alitazama viatu vyake. Mimi nikajibu. "Aandike hapana. Sisi ni watu waliookoka."

Daktari aliweka kalamu chini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. "Nyabo," aliniita, kama wanavyomwita mama kwa heshima, "mimi nauliza mzee. Koo ni ya nani?"

"Ni ya mume wangu."

"Basi wacha mume yako aseme."

Aliendelea kutazama viatu. Shemasi alikuwa ameketi pale, na biblia yake mapajani. Ndipo wewe, ambaye hukuwa umefungua kinywa tangu tulipopita Masha njiani, ukaniambia, "Mama, mutoke kidogo. Mutoke na Shemasi."

"Nitoke niende wapi?"

"Pale inje, ku benchi. Tutawaita."

Nilitoka. Shemasi Yakobo aliketi kando yangu akasoma tangazo la ukutani kuhusu kunawa mikono, akalimaliza, akalirudia. Mlango ulikuwa mwembamba. Sikusikia maneno, ila niliisikia sauti ya baba yako, ile iliyokwaruzika, ikienda bila kusimama. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amezungumza nami mwaka ule mzima. Muda si mrefu baadaye walimpasua, wakaondoa zoloto lake, na sauti ikaondoka nalo. Hivyo mazungumzo marefu ya mwisho ya sauti ile yalifanyika ndani ya chumba kile, wewe ukiwemo, na mimi nikiwa kwenye benchi. Mengine yote nimejaribu kuyasamehe. Hilo ndilo linalorudi.

Hukukosea kunitoa. Kama ungeniacha ndani, baba yako angeendelea kutazama viatu, na daktari angetibu mtu ambaye hayupo.

Mlipotuita, daktari alieleza, nami nilimsikiliza kama mwanafunzi, kwa sababu hilo pekee ndilo nililokuwa nimebakiziwa. Alisema saratani ya koo ikiachwa haikai kooni. Kwa kawaida huingia kwanza katika tezi za shingo, na kutoka hapo inaweza kusafiri katika damu hadi mapafuni na hadi kwenye mifupa: uti wa mgongo, mbavu, nyonga. Si kila mgonjwa hufika huko, lakini wapo walio karibu zaidi na hatari hiyo. Yupo aliyechelewa mpaka uvimbe ukawa mkubwa. Yupo ambaye tezi zake zimekwisha kuingiwa, na hatari huzidi zikiwa nyingi, zikiwa pande zote mbili, au zikiwa chini karibu na mtulinga. Kuna ugonjwa unaoanzia chini kabisa ya koo, chakula kinapoingilia, ambao hukua kimya kimya. Kuna ambao chembe zake, zikitazamwa kwa darubini, zinaonekana kuwa za kukua na kuenea upesi. Na kuna ambao hurudi baada ya kutibiwa. Tumbaku na pombe, alisema, hufanya kazi kama majirani wawili wanaosaidiana kuiba: kila mmoja ni mbaya peke yake, lakini wakiwa pamoja ni wabaya zaidi, na mgonjwa akiendelea navyo baada ya matibabu anaufungulia ugonjwa mlango wa kurudi.

Nilisikiliza huku nikigawa. Tumbaku ni ya baba yako na Tumwine. Kunyamaza ni kwako. Kuchelewa ni kwangu. Baadaye niliona kwamba mgawanyo ule haukuwa sahihi, kwa maana angekuja mapema kama asingeogopa kuulizwa swali lile mbele yangu.

Baba yako alikutwa na tezi upande wa kushoto. Daktari alikiri kwamba kwa hali yake hatari ipo. "Sisemi itaenda kwa mfupa," alisema. "Nasema tutaangalia. Mzee akisikia maumivu ya mfupa ambayo haimaliziki, sana sana ya usiku, msikae nyumbani mnachua mafuta. Mkuje."

Alipotoka hospitalini akiwa na tundu shingoni, ulimshonea vitambaa vya kulifunika ili vumbi la Nakivale lisiingie. Mimi nilimnunulia daftari. Nilidhani ni zawadi. Alifika darasa la nne tu, unajua, na akaandika neno lake la kwanza kwangu polepole, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo: kwamba anasikia njaa. Aliliandika kama linavyosemwa kwao mlimani. Nami nilikuwa bado na kalamu yangu nyekundu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kulisahihisha, Mapendo, kama unavyokwenda kufukuza nzi. Alifunga daftari. Nilimpa chakula akala, lakini hakuniandikia tena.

Wewe hukumpa daftari. Ulikaa mbele yake kwenye mwanga, ukamtazama midomo, na baada ya majuma machache mlikuwa mnacheka tena kama mnarudi kutoka Endiinzi. Jioni alisogeza midomo, wewe ukajibu kwa sauti, nami nikasikia nusu ya mazungumzo ndani ya nyumba yangu.

"Papa anasema uji iko na chumvi mingi," uliniambia siku moja.

"Mwambie aniambie mwenyewe."

"Anawaambia. Mumuangalie."

Sikumwangalia. Niliona kwamba nikijifunza kwako nitakuwa nimekubali kwamba umenitangulia. Kwa hiyo nilipika uji wenye chumvi tele kwa siku kadhaa, nao ukanywewa.

Hata maziwa niliyaonea wivu. Baada ya upasuaji Mzee Tumwine alianza kuja kwa pikipiki na kibuyu cha maziwa, na kila alipoondoka nilimgawia jirani. Ulifikiri ni ukarimu. Siku moja, ukiwa shambani, alikikuta kibuyu chake kwa jirani. Akaja akasimama hapa kwenye kizingiti, kofia mkononi.

"Nyabo, maziwa haina kosa."

Niligeuka nikakoleza moto.

"Mzee yako alikuja kwangu ile siku ya soko," akaendelea. "Alionyesha na kidole, anataka tonto. Nilikataa. Nilimwambia kwangu sasa ni maziwa tu. Alikasirika sana, akarudi na njaa."

"Na kwa nini unaniambia mimi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Nitaambia nani? Wewe ndio bibi yake."

Alipoondoka nilitia maziwa kikombeni nikayanywa yote nikiwa nimesimama. Yalikuwa mazuri. Hiyo ndiyo sababu jirani alianza kununa wakati ule, sasa umeijua.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe.

Juma lililopita ulikwenda Mbarara na shangazi yako kutafuta kitambaa cha harusi, mkalala huko. Tangu upasuaji, baba yako na mimi hatukuwahi kubaki peke yetu usiku na mchana. Siku ya kwanza tulikula kama abiria wawili wanaongoja gari moja. Asubuhi ya pili nilimkuta amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, anajaribu kuvaa kandambili bila kuinama. Uso wake ulikuwa na jasho, na jua lilikuwa halijapanda.

Nilitaka kuita jina lako. Kinywa changu kilikuwa kimekwisha kufunguka. Kisha nikakumbuka kwamba hupo. Nikavuta kigoda, nikakiweka penye mwanga, nikamkalisha, nami nikaketi mbele yake, magoti yangu yakigusa yake.

"Sema," nilimwambia. "Sema polepole. Mimi si Mapendo."

Alicheka. Unajua kicheko chake cha sasa, kile cha hewa inayopiga mluzi kwenye kitambaa. Kisha akasogeza midomo.

"Mguu?" niliuliza.

Akatikisa kichwa.

"Mgongo?"

Akafanya hivi kwa mkono: karibu, teremka.

"Nyonga."

Akafumba macho, akayafumbua. Ndiyo.

"Tangu lini?"

Hilo lilituchukua muda. Alilisema, nikakosea, akalisema tena, nikakosea, akanionyesha shamba kupitia mlangoni, na midomo yake ikalirudia, nami nikaliona. Tangu maharage yalipotoa maua. Na sasa maharage hayo hayo yako kwenye ungo wake, makavu.

"Hukoma ukipumzika?"

Hapana.

"Usiku?"

Hakunijibu, na hilo nililisoma bila midomo.

"Mapendo anajua?"

Akatikisa kichwa. Akaweka kidole juu ya kifua chake, kisha akakiweka juu ya kifua changu. Wewe tu.

Nilifurahi. Nataka ulisome hili vizuri, kwa sababu sitaweza kulisema mbele ya uso wako. Daktari alikuwa ametuonya kuhusu maumivu ya namna hii hasa, yanayokaa mfupani na kuamka usiku, na mume wangu alikuwa anatoa jasho mbele yangu, na kitu cha kwanza kilichoinuka moyoni mwangu kilikuwa furaha. Safari hii niliambiwa mimi kwanza. Nilikaa na furaha hiyo kwa muda wa kuchota maji na kurudi. Kisha ilichacha, nikaona ni chakula gani nilichokuwa nakila.

Baba yako aliniomba nisikuambie mpaka harusi ipite. Alijua ungeahirisha. Tuligombana, Mapendo, ugomvi wetu wa kwanza tangu akose sauti, na nakuhakikishia kwamba mtu asiye na sauti anaweza kupiga kelele. Nilimwambia, "Nimeishi miaka mingi katika nyumba ambamo nilikuwa wa mwisho kujua. Sitamweka mtoto wangu humo." Alinigeukia mgongo. Nikazunguka nikaketi tena mbele yake, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kugombana naye. Mwishowe midomo ilisema: andika.

Kabla ya wewe kurudi tulikwishakwenda zahanati. Nesi alimbonyeza nyonga na mgongo, akauliza maswali yale yale ya tumbaku na pombe. Shemasi Yakobo alikuwepo, siku hizi anatafsiri pale kila juma. Nilijibu mbele yake, baba yako akikubali kwa kichwa: kwamba alivuta tangu ujana wake, kwamba alikunywa, na kwamba aliyekanusha Mbarara ni mimi.

Shemasi alikohoa kidogo. "Mama Mapendo, mimi nilijuaka."

"Ulijuaje?"

"Muntu mwenye alikuwa anamuuzisha tumbaku, aliniuzisha na mimi."

Baba yako akapiga mluzi wake mpaka kitambaa kikainuka. Nilimwambia Shemasi kwamba, ikiwa ndivyo, anyooshe shingo, nesi aipapase na yeye. Alinyoosha. Hana kitu, namshukuru Mungu, lakini ameambiwa aache, na asikae majuma na sauti iliyokauka akidhani ni mahubiri. Hili usimpelekee shangazi yako.

Nesi hakusema ni nini kilichomo nyongani. Alisema huenda ni jembe na uzee, na huenda ni ule ugonjwa. Hakuna awezaye kujua kwa kubonyeza. Ametuandikia kwenda Mbarara Jumanne ijayo, wapige picha ya mifupa. Hadi wakati huo baba yako asibebe magunia, kwa maana mfupa uliodhoofika huvunjika kwa jambo dogo. Na miguu ikifa ganzi au akishindwa kuzuia mkojo, tusingoje Jumanne. Basi sasa unajua yote ninayoyajua mimi, na kwa wakati huu tunajua sawasawa.

Usiahirishe harusi. Jumanne ni Jumanne, na kesho ni kesho. Tutafikia kwako Ruharo, kama mtatupatia mkeka. Utakuja nasi hospitalini, na ukitaka utaingia chumbani. Lakini safari hii hakuna atakayeketi kwenye benchi, na maswali ya baba yako atajibu baba yako, nami nitayasema kwa sauti.

Kuhusu Elie. Alipokuja na wazee wake kuleta mahari nilimnusa. Nilimkaribia kwa kisingizio cha kumpa maji ya kunawa. Alinukia sabuni tu. Lakini baba yako naye alinukia mpera. Sitamuuliza, kwa kuwa si wangu. Muulize wewe. Na ukimuuliza, usikunje uso kabla hajajibu. Mimi niliukunja mapema miaka yote, na mtu akiuona uso huo huenda kusema ukweli wake nyumbani kwa Tumwine. Mumeo atakuwa na kigoda mahali fulani; wanaume wengi wanacho. Nenda ukaketi huko siku moja, unywe chochote kinachonyweka, uwafahamu anaoketi nao. Mimi sijawahi kufika kwa Tumwine mpaka leo. Nitakwenda huko na baba yako mwezi ujao, nyonga ikimruhusu.

Na kuna jambo la kesho. Kwetu binti hatoki kwao kwa miguu yake tu, hutolewa kwa maneno ya baba, yasemwe kwa sauti mpaka wakwe wayasikie. Juzi, Baba Mdogo Samweli aliposema, "Kaka hana sauti, mimi nitabariki ku fasi yake," uliona baba yako alivyokataa. Kisha kidole chake kikakuelekea wewe kwa mazoea, na shangazi yako akasema, "Bibi-arusi ajibariki yeye mwenyewe? Basi ajioe na yeye mwenyewe, tubakie na ngombe zetu." Watu wote wakacheka. Ndipo kidole kikahama, polepole, kikasimama kwangu.

Nilikutazama wakati ule. Niliona kitu kikipita usoni mwako, kifupi sana, ukakifunika kwa kutengeneza kitenge. Nakijua kitu hicho. Nimelala nacho miaka mingi. Sikukionea furaha, nakuapia. Nilitamani kuvuka mkeka nikushike mkono, lakini wazee walikuwa wamekaa katikati.

Tumekuwa tukijizoeza nyuma ya jiko kila ulipokwenda bombani. Anasema, nasema. Nikikosea anapiga goti langu, tunaanza upya. Maneno yenyewe siyaandiki hapa. Ni yake, na lazima yatoke mdomoni.

Sasa nawasikia, wewe na shangazi yako, mnakuja njiani mkicheka. Safari hii sitauliza mnacheka nini. Baba yako ameweka ungo chini na kujifuta mikono.

Kesho ukipiga magoti, usiitazame midomo yake. Unaijua mno, utasikia kabla sijasema. Nitazame mimi. Na nikikosea neno, mwanangu, usinisahihishe.

Mimi mama yako,
Rebeka